Maswali ya Wasomaji: Vyama vya Akina Mama, Jiko na Kura ya Siri

Katika toleo lililopita ukurasa huu uligusia, kwa sentensi chache tu, vyama vya Women's Institute, yaani vile vyama vya wanawake wa vijijini vilivyozaliwa Kanada, vikaenea Uingereza na kwingineko, na ambavyo shughuli zake ni mambo ya nyumba na maisha ya jamii. Barua zilizofuata zimekuwa nyingi. Tumechagua zile zinazowakilisha nyingine na kuzifupisha pale ilipobidi. Majina ya waandishi tumeyaacha, kwa kuwa baadhi yao wanazungumzia vikundi vyao wenyewe.

Ndugu Mhariri, salaam. Nimewahi kusikia kwamba vyama hivi vilianzishwa na mama aliyefiwa na mtoto kwa sababu ya maziwa machafu. Je, ni kweli, au ni hadithi iliyopambwa?

Msiba ulikuwa wa kweli. Adelaide Hoodless alizaliwa mwaka 1857 katika jimbo la Ontario, akaolewa katika mji wa Hamilton, na mwaka 1889 akafiwa na mwanawe mdogo, John Harold, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Masimulizi ya vyama hivi yanasema mtoto huyo aliugua kwa kunywa maziwa yaliyochafuka, jambo ambalo halikuwa geni katika miji ya zama zile, maziwa yalipokuwa yakisafirishwa kwa mikokoteni na kuuzwa bila kuchemshwa. Baada ya hapo Bi. Hoodless alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigania somo la sayansi ya nyumbani lifundishwe shuleni, ili msichana asiolewe akiwa hajui chochote kuhusu usafi wa chakula na malezi ya mtoto. Alifariki mwaka 1910, akiwa jukwaani mjini Toronto, katikati ya hotuba kuhusu jambo hilohilo.

Lakini msiba peke yake haukuzaa chama. Wakulima wanaume wa Ontario walikuwa tayari na vyama vyao, vilivyosaidiwa na serikali, ambamo walifundishana juu ya mbegu, udongo na lishe ya mifugo. Katibu wa kimojawapo, Erland Lee, alimsikia Bi. Hoodless akizungumza, akamwalika kuhutubia mkutano wa chama chake huko Stoney Creek, ambao safari hiyo wake wa wakulima nao walikaribishwa. Hoja yake ilikuwa rahisi na yenye ncha: ikiwa wanaume wana chama cha kujifunza namna ya kulisha ng'ombe, kwa nini wanawake wasiwe na chama cha kujifunza namna ya kulea watoto? Juma moja baadaye, tarehe 19 Februari 1897, wanawake 101 walikutana na kuunda chama chao, na katiba yake ikaandikwa nyumbani kwa Lee na mkewe, Janet. Kwa maoni yangu habari ya mtoto inasimuliwa sana kwa sababu inagusa moyo, ilhali kilichokifanya chama kidumu ni ile katiba iliyoandikwa mezani kwa akina Lee.

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu na nimeona vikundi vingi vya namna hii. Kufundishana kupika, kushona na kupamba nyumba ni njia ya kumbakiza mwanamke jikoni huku akipigiwa makofi. Mbona unavisifu?

Mwalimu, sehemu ya lawama yako ni ya haki, na naweza hata kukuongezea ushahidi. Bi. Hoodless mwenyewe hakuwa mpigania haki ya wanawake kupiga kura. Aliamini kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani, na alichotaka ni mahali hapo paheshimiwe na pawe na elimu yake. Anayetafuta mapinduzi katika hotuba zake hatayapata.

Hata hivyo, mtu anayetaka kukijua chama atazame pia namna kinavyoendesha mkutano wake, maana somo la jukwaani ni sehemu tu ya kinachofundishwa pale. Vyama hivi vilifika Uingereza mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vikiletwa na Madge Watt, mwanamke kutoka Kanada. Cha kwanza kilianzishwa Llanfairpwll, katika kisiwa cha Anglesey huko Wales. Mwaka 1917 liliundwa shirikisho la taifa, na Lady Denman akawa mwenyekiti wake hadi mwaka 1946. Kijiji cha Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na ngazi zake: mke wa mwenye ardhi juu, mke wa mchungaji akimfuata, kisha wake wa wakulima, na chini kabisa watumishi wa majumbani na wake za vibarua. Kila shughuli ya kijiji iliongozwa na mama mkubwa wa jumba kubwa bila mtu kuuliza. Vyama hivi vilileta kanuni kwamba kamati ichaguliwe kwa kura ya siri, na kura ya mpishi ikawa na uzito uleule wa kura ya mwajiri wake aliyeketi kiti cha mbele. Mara nyingi huyo mama mkubwa alichaguliwa kuwa mwenyekiti vilevile, lakini sasa alijua kwamba amechaguliwa, na kwamba mwaka ujao anaweza asichaguliwe.

Fikiria pia tarehe. Mwaka 1915 hakuna mwanamke wa Uingereza aliyekuwa na kura ya kuchagua mbunge. Mwaka 1918 waliipata baadhi tu, wenye umri wa miaka 30 na kuendelea waliotimiza masharti ya mali, na wote wakawa sawa na wanaume mwaka 1928. Kwa hiyo wapo wanawake ambao karatasi ya kwanza ya kura waliyoishika maishani ilikuwa ya chama cha mambo ya nyumbani. Humo ndimo walimojifunza kuleta hoja, kuiunga mkono, kuipinga bila kugombana na jirani, kuhesabu kura na kukubali kushindwa.

Matunda yake yanaonekana katika maazimio. Hoja huanzia katika chama cha kijiji, hujadiliwa, hupelekwa kwa shirikisho, na zile zinazopita mchujo hupigiwa kura katika mkutano mkuu wa mwaka. Ikishinda, huwa kampeni ya nchi nzima. Azimio la mwaka 1918 lilihusu nyumba bora za vijijini na likawataka wanachama wazibane halmashauri zao. Mwaka 1943, vita vikiendelea, walidai malipo sawa kwa kazi sawa, miaka 27 kabla Bunge halijapitisha sheria ya malipo sawa ya mwaka 1970. Mwaka 1954 lilipitishwa azimio dhidi ya utupaji ovyo wa takataka, lililozaa kampeni ya Keep Britain Tidy. Mwaka 1986, wakati watu wengi waliona haya hata kuutaja UKIMWI, wanachama hawa, ambao magazeti yaliwachora kama mabibi wa kuoka keki, waliazimia umma uelezwe ukweli kuhusu ugonjwa huo. Hayo yote yameanzia nyumbani: choo, maji, mshahara wa mke, afya ya mtoto. Mwanamke aliyezungumzia bomba la maji la kijiji kwa miaka kumi amekwisha kuijua halmashauri yake kuliko mgombea anayefika na kipaza sauti.

Wala si Uingereza pekee. Nchini Finland, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Urusi, Lucina Hagman na wenzake waliunda mwaka 1899 chama cha kupeleka elimu majumbani. Watawala walilitilia shaka jina la kwanza lililotaja elimu, hivyo chama kikasajiliwa kwa jina la Martta, yule Martha wa Injili aliyeshughulika na kazi za nyumbani, ambaye hakuna gavana angemwogopa. Mwaka 1906 wanawake wa Finland walipata haki ya kupiga kura na kugombea, na mwaka 1907 Hagman alikuwa miongoni mwa wanawake 19 wa kwanza walioingia bungeni. Katika Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani, ambako hadi mwaka 1908 sheria iliwakataza wanawake kujiunga na vyama vya siasa, Elisabet Boehm alianzisha mwaka 1898 chama cha wake za wakulima kilichofungua vituo vya kuuza mayai na mboga mjini, mazao ambayo mpaka hapo hayakuwa yakihesabiwa kuwa na thamani kwa sababu yalitoka mikononi mwa wanawake.

Kwa hiyo, Mwalimu, nakubaliana nawe kuhusu vikundi ambavyo hufundisha mapishi na kuishia hapo. Tunaachana pale unapodhani kwamba mapishi ndiyo yaliyoviharibu. Vilivyoharibika, nionavyo mimi, ni vile ambavyo uongozi wake haujawahi kupigiwa kura.

Kwa nini vyama hivyo vinatajwa pamoja na jamu kila mara?

Kwa sababu ya Vita vya Pili vya Dunia. Meli zilizokuwa zikileta chakula Uingereza zilishambuliwa baharini, matunda yakawa yanaoza mashambani, na serikali ikavipa vyama hivi sukari ya kusindika. Kati ya mwaka 1940 na 1945 walihifadhi zaidi ya tani 5,300 za matunda, wakitumia pia mashine za kusindikia katika makopo zilizotoka Marekani kama msaada. Wapishi hawakuruhusiwa kujichukulia jamu hiyo: iliingia katika mgao wa taifa na wao wakainunua kwa kuponi kama watu wengine. Miaka ileile wanachama waliandika pia taarifa kuhusu umaskini wa watoto wa mijini waliohamishiwa vijijini kukimbia mabomu, na mwaka 1944 wakakusanya habari za maji na maji taka vijijini, lakini mambo hayo hayatangazwi sana. Jamu inapendeza zaidi pichani.

Ndugu Mhariri, hujambo. Marehemu bibi yangu alikuwa mwanachama wa Maendeleo ya Wanawake huko Kenya tangu enzi za ukoloni. Je, chama hicho ni mtoto wa hivyo vya Uingereza? Na kwa nini vyama vyetu vya wanawake hatimaye huwa matawi ya vyama vya siasa?

Sijambo, na pole kwa kuondokewa na bibi. Ukoo upo, ingawa malezi yalikuwa tofauti. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952 na wanawake wa Kizungu, chini ya idara ya serikali ya kikoloni iliyoshughulikia maendeleo ya jamii. Masomo yalikuwa yaleyale: usafi, upishi, ushonaji, malezi. Lakini mwaka huo ndio Hali ya Hatari ilipotangazwa, na serikali iliviona vikundi hivyo pia kama njia ya kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Kule Uingereza mwanamke wa kijijini alikutana na jirani zake kwa kupenda mwenyewe. Kwa bibi yako, chama kilikuja kikiwa na mkono wa serikali begani. Hata hivyo wanawake walikichukua kikawa chao. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza, na baada ya uhuru vikundi vya vijijini viligeukia mahitaji ambayo hayakuwa katika mtaala wa wakoloni. Vilivyokuja kujulikana zaidi ni vile vya mabati, ambavyo wanachama wake walichanga fedha na kuezekeana nyumba kwa zamu.

Tanganyika njia ilikuwa kinyume chake, na mimi huiona ya kuvutia zaidi. Bibi Titi Mohamed alipopewa mwaka 1955 kazi ya kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, hakuhitaji kuunda vikundi vipya. Alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma, na aliwajua viongozi wa vikundi vingine, vile ambavyo wanawake walikutana humo kwa kuimba, kuchangiana katika arusi na kuzikana. Akavipitia kimoja baada ya kingine. Vyama vya furaha na misiba, ambavyo afisa wa kikoloni hakuvihesabu kuwa na maana yoyote, vikawa mtandao wa kugawa kadi za TANU. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika (UWT), naye akawa mwenyekiti wake.

Swali lako la pili ni gumu. Kuwa jumuiya ya chama tawala kunaleta masikio ya wakubwa: UWT ilikuwa na sauti katika mjadala uliozaa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Lakini kunagharimu. Mwaka 1987 Maendeleo ya Wanawake iliunganishwa na KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1991. Katika kipindi hicho mwanamke aliyetaka kushona na wenzake bila kuwa mfuasi wa chama alikuwa hana pa kwenda katika jumuiya ile. Ujerumani ni mfano mchungu zaidi, kwa kuwa baada ya Wanazi kushika madaraka mwaka 1933 vyama vile vya wake za wakulima vilimezwa na chombo cha dola kilichosimamia kilimo chote. Vyama vya Uingereza vilijiwekea tangu mwanzo sharti la kutofungamana na chama cha siasa wala dhehebu, na wanachama wake hulilinda kwa ukali. Mwezi wa Juni mwaka 2000 Waziri Mkuu Tony Blair aliwahutubia wapatao 10,000 mjini London. Walipoona hotuba inakuwa ya kujinadi kisiasa, walianza kumpigia makofi ya taratibu, yale ya kumwambia mtu kwamba tumechoka. Si kwamba wote walikuwa wapinzani wake. Walichokataa ni mkutano wao kufanywa jukwaa lake.

Dada Mhariri, shikamoo. Sisi ni kikundi cha upatu cha wanawake ishirini. Kila mwezi tunakutana, tunatoa fedha, anayestahili zamu anapewa, tunakula, tunaondoka. Mwenyekiti ni yuleyule tangu tuanze kwa sababu tunakutana nyumbani kwake. Tungependa tufanye zaidi ya upatu. Tuanzie wapi?

Marahaba, mdogo wangu. Mnayo tayari mambo mawili ambayo wengine hutaabika kuyapata, nayo ni kuaminiana katika fedha na mazoea ya kukutana kila mwezi. Anzeni kwa kuhamisha kikao. Kikizunguka nyumba hadi nyumba, au mkiomba darasa la shule, ofisi ya mtaa au ukumbi wa nyumba ya ibada, mtakuwa mmeondoa ile haya ya kumpinga mtu huku mnakula chakula chake. Baada ya hapo ndipo uchaguzi uwezekane.

Uchaguzi uwe wa siri hata kama mnapendana; hasa kama mnapendana. Kama wapo wasiosoma, tumieni mbegu za rangi tofauti badala ya karatasi, kila mgombea na rangi yake, na chombo kimoja chenye mdomo mwembamba. Mchague mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na katiba yenu, ambayo haina haja ya kuzidi kurasa mbili, iseme muda wa uongozi ni mwaka mmoja au miwili na mtu asipite vipindi kadhaa mfululizo. Itaje pia akidi, yaani idadi ya wanachama wanaopaswa kuwapo ili uamuzi uwe halali, maana vikundi vingi huvunjika kwa maamuzi yaliyofanywa na watu watano siku ya mvua.

Kuhusu kikao chenyewe, mpangilio wa vyama tunavyovizungumzia unafaa kuigwa, nao una sehemu tatu: shughuli za chama, somo au maonyesho ya ujuzi, na muda wa kunywa chai na kuongea. Shughuli zianze na kusomwa muhtasari wa kikao kilichopita. Wengi huliona jambo hili kuwa la kuchosha, nami nalitetea kwa nguvu zangu zote, kwa sababu mwanachama aliyenyamaza mwezi uliopita akisikia maneno aliyodhani ameyasikia vibaya, hupata nafasi halali ya kuuliza. Masomo ya mwaka mzima yapangwe mapema na walimu wawe wanachama wenyewe kwanza: mwenye ujuzi wa kushona, muuguzi, anayejua kuandika wosia, aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja. Wageni waje baadaye. Kila mwaka chagueni pia jambo moja la mtaa, kama mfereji ulioziba au taa za barabarani, mlijadili, mlipigie kura, kisha mliandike kama azimio na kulipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa.

Fedha za upatu na za chama zisichanganywe hata kwa siku moja. Ada iwe ndogo: vyama vya mwanzo vya Uingereza vilitoza shilingi mbili zao kwa mwaka, kiasi ambacho mke wa kibarua aliweza kukiweka akiba. Mkianza kukopeshana, fahamuni kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya namna hiyo katika daraja la nne na inavitaka visajiliwe. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu itawaelekeza. Wasomaji wa Kenya waliouliza swali linalofanana na hili wanayo sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii, inayohitaji wanachama wasiopungua kumi.

Mume wangu anaandika vizuri na amejitolea kuwa katibu wetu. Wenzangu wanasitasita. Je, kuna ubaya?

Ubaya wa mume wako sioni, na historia iko upande wake kidogo, kwa kuwa Erland Lee alikuwa mwanamume pekee katika mkutano ule wa wanawake 101. Lakini yeye na mkewe walisaidia kuandika katiba, kisha chama kikaongozwa na wanawake. Mwalikeni mumeo kama mgeni au mwalimu wa siku moja. Kalamu mpeni mwanachama aliyechaguliwa, hata kama muhtasari wake wa kwanza utakuwa na makosa, na mumeo akitaka kweli kusaidia, amwelekeze katibu huyo namna ya kupanga ajenda na kuandika maazimio kabla ya kikao kijacho.